Kaburi la Baba Mkubwa Kwenye Seva

Seva ya chama chetu cha ukoo iko Ujerumani. Sijawahi kuiona, ingawa mimi ni mtu wa kutembea: nimekaa Nakuru, nimekaa Mombasa, nimekaa Juba hadi homa ikanifukuza, na kila nilipofika nilianza mara moja kupakumbuka nilipotoka. Ujerumani sijafika. Lakini kila wiki naingia humo nikiwa nimeketi Kitale, kandambili miguuni, napanga faili zetu na kutoka bila mtu kuniomba kitambulisho. Hakuna mpaka mwingine nimewahi kuuvuka kwa raha hiyo.

Siku nilipoieleza kamati ya chama jambo hili, mwenyekiti wetu, mkulima wa mahindi kutoka Naitiri na mtu wa heshima zake, aliuliza kama hiyo seva ina mlinzi. Nikamwambia anaye. Akauliza mlinzi ni wa ukoo gani. Nikasema huko hawaulizani mambo ya ukoo. Kamati nzima ikawasikitikia Wajerumani. Kisha mtu mmoja akapendekeza tuchague wajumbe wa kwenda kuikagua, na pendekezo hilo likaungwa mkono na watu wengi kuliko waliokuwa wamehudhuria. Halijawahi kuondolewa. Linasubiri pasipoti tu.

Mimi nilipewa kazi ya seva kwa sababu niliwahi kuajiriwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, huko Nakuru, zama zile watu walipokuwa wakipanga foleni ili wafungue barua pepe ambayo hakuna mtu aliwaandikia. Pale ndipo nilipofundishwa dirisha jeusi. Halina picha wala rangi. Unaandika jina la seva na nenosiri, halafu alama ndogo inapepesa mbele yako kama karani anayesubiri useme shida yako. Humo ndani kuna programu ya kuhariri inayoitwa vi. Kuingia ndani ya vi ni rahisi. Kutoka ndiyo kazi. Nimeona wanaume wazima, wenye wake na madeni, wakichomoa waya ukutani ili watoke. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliiacha kompyuta ikiwaka, nikaenda kula, nikitumaini nikirudi itakuwa imechoka.

Baadaye ikaja nyingine, nano, yenye adabu, iliyoandika chini ya ukurasa namna ya kutoka. Wanaotumia vi huwadharau wanaotumia nano kama vile watu wa Linux, mfumo wa madirisha meusi, kwa jumla wanavyowadharau wengine wote. Nilichagua vi. Nilikuwa sina cheti chochote zaidi ya cha kidato cha nne, na hapo palikuwa na nafasi ya kumdharau mtu bila kuulizwa cheti.

Katibu wa chama ni senge, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Kwetu senge si shangazi wa kuletewa sukari tu. Ndiye anayekupa baraka ukitoka, ndiye anayekunyima, na akiinuka kuzungumza kwenye kikao wazee hukumbuka kwamba chai yao inapoa. Enzi za ujana wake senge alikuwa mpiga taipu katika kile kiwanda kikubwa cha karatasi Webuye, na mpaka leo anaigonga kibodi kana kwamba chini yake kuna karatasi za nakala sita. Nilipomwonyesha dirisha jeusi alilitazama mara moja tu.

"Mimi sikai gizani," akasema. "Niletee ingine."

Nikamwekea programu yenye pande mbili. Kushoto unaona faili za kompyuta yako, kulia unaona za seva. Unaivuta faili kutoka kulia, unaisahihisha kwako, unairudisha. Senge aliipenda sana. Tatizo la programu ile ni kwamba haibishi hodi. Inarudisha faili na kuiweka juu ya iliyopo bila kuuliza kama mtu mwingine ameigusa wakati huo. Ni kama jirani aazime sufuria yako, akurudishie ikiwa na ugali wake, na mchuzi wako uliokuwa jikoni umwagwe ili ugali upate nafasi.

Mimi nami nilipanda ngazi. Nilinunua laptopu iliyotumika kwa mzee mmoja wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya umeme hapa Kitale. Aliniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Betri ya hii ni ya mapambo, rafiki yangu. Ichomeke ukutani uishi nayo kwa amani." Ndani yake nikaweka programu mpya inayofungua faili ya seva kana kwamba iko mezani pako. Huivuti, huirudishi. Ukihifadhi hapa Kitale, imehifadhiwa Ujerumani papo hapo. Juu ya hayo nikaongeza ujanja mmoja uliopigiwa makofi katika mkutano mkuu: ukurasa wa matangazo ukibadilika, kila mwanachama anapata ujumbe kwenye simu. Harusi, matanga, mchango, mkutano. Watu wa Lugulu walisema sasa tumeendelea.

Hapo ndipo baba mkubwa aliponiita.

Baba mkubwa ndiye kaka pekee wa baba yangu aliyebaki, na senge ni dada yake, wamefuatana kuzaliwa. Aliondoka nyumbani Bungoma akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba makubwa ya huku, akapata kipande chake nje kidogo ya Kitale, akapanda mahindi, akafuga, akazeeka. Mke wake amelala kwenye shamba hilo, kwenye ukingo wa nepia, yale majani ya ng'ombe, mahali ambapo mzee hukaa kila jioni na redio yake. Sasa ukoo ulikuwa umeshaamua, bila kumuuliza, kwamba siku yake ikifika atarudishwa Bungoma kwa wazazi wake. Hakuna aliyeliita hilo uamuzi. Walisema tu, "Mzee ataenda nyumbani," na wakaendelea na ajenda nyingine.

"Nataka kuzikwa hapa," aliniambia. Tulikuwa tumeketi sebuleni kwake, asubuhi, laptopu yangu imechomekwa ukutani kando ya chaja ya redio. "Nimewaambia vijana wangu, wakasema sawa baba, na nikaona macho yao. Nikiandika karatasi wataikunja. Nikimwambia pasta, atasahau. Sasa wewe si una ile mashini iko ng'ambo?"

"Ninayo, Baba."

"Hakuna mtu wa Bungoma ana panga refu la kufika huko?"

"Hakuna."

"Basi niandike huko. Tangazo langu lote. Siku hiyo ikifika unafungulia tu."

Nilimweleza kwamba kwetu mtu haandikiwi tangazo la kifo akiwa anakunywa chai. Akasema atamaliza chai kwanza. Akamaliza, akaweka kikombe chini, akasema, "Haya. Soma vile huwa mnaandika."

Nikafungua ukurasa wenyewe wa matangazo, kwa kuwa alitaka kuona sura yake vile wengine watakavyoiona. Programu yangu huonyesha ukurasa kabla hujahifadhi. Nia ilikuwa tuandike, atazame, halafu niyahamishe maneno kwenye folda ya pembeni. Nikaanza kusoma tangazo letu la kawaida.

"Kwa huzuni kuu na kwa unyenyekevu mbele ya mapenzi ya Mungu, tunatangaza kifo cha mzee wetu mpendwa, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi, ugonjwa alioupokea kwa ujasiri—"

"Ujasiri gani? Mimi nikiumwa na jino napiga kelele mpaka majirani wanakuja."

"Ndivyo tunavyoandika, Baba."

"Toa. Andika alilalamika sana."

Nikaandika.

"Alikuwa nguzo ya jamii, mcha Mungu, aliyependwa na wote."

"Wote akina nani? Yule jirani wa mpaka wa chini, anayehamisha mawe ya bikoni kila msimu wa kupanda, ananipenda? Andika alipatana na wengi, isipokuwa yule wa mpaka wa chini, na yeye anajua."

Nikaandika hilo pia. Lilikuwa linaanza kuwa tangazo la kwanza la ukweli katika historia ya chama. Tukafika kwenye lenyewe. Atazikwa shambani kwake Kitale, kando ya mke wake, kwenye ukingo wa nepia. Tarehe itatangazwa.

"Ongeza: si Bungoma."

"Nimeshaandika Kitale, Baba."

"Ongeza, bana. Hawa watu hawaelewi kitu mpaka wakatazwe."

Nikaongeza. Nje, upande wa Mlima Elgon kulikuwa kumefunga mawingu, na taa ikapepesa. Mzee akaiangalia taa, akaniangalia mimi.

"Hifadhi."

"Bado, Baba. Nikihifadhi inaenda moja kwa moja kwa watu."

"Kijana, stima ya hapa naijua. Hifadhi. Kitufe chake ni kipi?"

Nilimwonyesha kile kipicha cha mraba pale juu, na hapo ndipo hamu yangu ya mambo ya zamani ilipotuponza. Nilianza kumweleza kwamba ile ni picha ya disketi, kitu kilichotumika zamani, chembamba, cha plastiki, ambacho tulikibeba kwenye mfuko wa shati pale Nakuru. Kwamba watoto wa leo wanabonyeza picha hiyo bila kujua ni nini. Kwamba disketi zilikuwa na harufu yake. Niliponyanyua macho mzee alikuwa ameshabonyeza.

Stima ikapotea sekunde hiyo hiyo. Laptopu ikazima kama mshumaa. Betri ya mapambo haikutuaga.

"Umeona?" akasema mzee kwa furaha. "Ningekusikiliza ingepotea."

Simu yangu ikalia kwenye mfuko wa shati. Tangazo jipya. Nikiwa bado nalisoma, simu ya mzee ikaanza kulia. Alikuwa mwenyekiti, kutoka Naitiri, akipigia namba ya marehemu ili apate mtu wa nyumba. Mzee akaweka sauti ya juu kama kawaida yake.

"Hello?"

"Hello. Poleni sana huko. Poleni, poleni. Tumeona saa hii. Ni nani anaongea?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe."

Simu ikakatwa. Tulipompigia tena alikuwa amezima, na baadaye nilisikia kwamba aliipeleka simu yake kwa fundi kuangaliwa.

Nilitaka kuifuta habari hiyo mara moja. Kwenye simu yangu nina programu ya dirisha jeusi kwa ajili ya dharura. Lakini mzee alikuwa ameshika mkono wangu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa na mzaha tena.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wameambiwa Kitale. Acha tuone kama watakuja Kitale."

Kwa hiyo tukatoa viti tukavipeleka karibu na lango, tukakaa, tukangojea waombolezaji wake. Barabara ilikuwa kimya. Alipita mtu na baiskeli ya maziwa, akasalimia. Akaja mama wa jirani. Mzee akajiweka sawa kwenye kiti. Mama yule alikuwa amekuja kuchukua jembe lake aliloliacha juzi. Akalichukua, akatuambia mvua itanyesha, akaenda.

Wakati huo huo simu yangu haikupumzika. Watu wa Webuye wameshatoka. Watu wa Lugulu wanatafuta gari. Kina mama wa Naitiri wamechukua kuku na sufuria kubwa ya kanisa. Kila mmoja nilimuuliza wanaelekea wapi, na kila mmoja alinishangaa.

"Si Bungoma? Kwani msiba uko wapi?"

"Tangazo linasema Kitale."

"Aa, hilo ni tangazo tu."

Mzee aliyasikia yote. Akaniambia nifungue ukurasa kwenye simu, nimsomee tena, labda niliandika vibaya. Nikafungua. Maneno yalikuwa yamebadilika. Hakuna jino wala kulalamika. Alikuwa ameugua kwa ujasiri tena. Yule wa mpaka wa chini alikuwa ametoweka, na mzee alipendwa na wote. Na chini kabisa: Atazikwa nyumbani kwa wazazi wake, Bungoma.

Nilijua mara moja. Ni mtu mmoja tu mwingine mwenye ufunguo wa seva ile.

"Ni senge," nikasema. "Ameivuta, ameisahihisha, ameirudisha."

"Sijapoa hata," akasema baba mkubwa polepole, "na wameshanihamisha."

Aliniamuru nirudishe. Nikaingia kwa dirisha jeusi la simu, nikaifungua faili kwa vi, na vidole vyangu vya mtu mzima juu ya herufi ndogo kama punje za wimbi. Vi inataka ubonyeze kitufe cha Esc kila ukimaliza kuandika, na kibodi ya simu yangu haina kitufe hicho. Programu imekificha nyuma ya alama tatu ambazo ukizikosa zinafungua kamera. Nilipiga picha nyingi za goti langu. Hatimaye nikaandika Kitale, nikahifadhi, nikatoka. Simu za ukoo mzima zikalia: tangazo jipya. Mzee akatikisa kichwa kuridhika. Kabla hajaacha kukitikisa, zikalia tena. Bungoma.

"Rudisha."

Kitale.

Bungoma.

Mimi nilikuwa nakaa ndani ya faili ile ile, Ujerumani, nikibadili neno moja kwa uangalifu. Senge alikuwa na faili yake nzima kwenye kompyuta ya Bungoma, na kila mara alikuwa akiiburuta na kuniangushia kichwani. Nilikuwa na chombo bora zaidi. Nilikuwa nashindwa vibaya. Nikapata ujumbe kutoka kwake: *Kuna mtu anachezea tangazo la kaka yangu. Nikimjua atajuta.* Watu wa Lugulu nao wakaandika kuuliza marehemu yuko safarini au vipi.

"Huwezi kumfungia nje?" mzee akauliza. "Umwekee kufuli?"

Ningeweza. Ni amri fupi tu, faili isiguswe na mwingine, au nenosiri lake libadilishwe. Nimewafungia watu nje ya seva maisha yangu yote, wengine kwa sababu za kiusalama, wengine kwa sababu waliniudhi. Nikaandika ile amri. Nikaitazama. Kisha nikaifuta herufi moja moja. Senge ndiye aliyenipaka mafuta kichwani nilipoondoka kwenda Nakuru, na nilipokwenda Juba bila kumuaga nilirudi na homa. Sikuwa tayari kujua kungetokea nini baada ya kumfungia mlango.

"Baba," nikasema, "huyo siwezi. Mpigie simu mwenyewe."

"Nimpigie nikiwa nimekufa?"

"Mpigie."

Aliipangusa simu kwenye shati. Kisha akapiga.

Sauti ya senge ilikuja juu, imejaa machozi. Akasema hello, na mzee akasema, "Mwana wa mayi," jina ambalo wanaitana wao wawili tu, yaani mtoto wa mama yangu. Kilio kikakatika.

"Wewe si umekufa?"

"Bado."

"Kwa hivyo mimi nalia nini hapa tangu saa nne?"

"Ndiyo nauliza. Unalia na unahariri?"

"Nalia kwa macho, nahariri kwa mikono. Nani aliandika ule uchafu wa meno?"

"Ni mimi."

"Na Kitale? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nataka kulala na mama watoto. Nimesema, nimeandika, nimepeleka mpaka ng'ambo kwa Wajerumani, na wewe unanifuta kama alama ya chaki."

Sauti ya senge ilishuka, nami nikajifanya naangalia nepia.

"Na mimi?" akasema. "Magoti yangu haya yatapanda Kitale? Wote wako hapa, baba, mayi, ndugu zetu. Nikitoka nje asubuhi nawasalimia, nawaambia mahindi yako vipi. Wewe uliondoka ukiwa na ndevu tatu. Maisha yako yote nimekuona Krismasi tu. Nilikuwa nimesema basi, huyu nitampata mwishoni. Sasa hata mwishoni unaninyima?"

Mzee naye akageukia nepia.

"Halafu ingine," senge akaendelea, sauti yake ya kikao imerudi, "hapa kumejaa. Wamewasha moto. Wamechinja. Mimi siwezi kuwaambia uko hai, watasema nimerukwa na akili. Ukitaka kuwa hai, njoo useme mwenyewe."

Jirani mmoja mwenye pikapu alikubali kutupeleka. Mzee alivaa koti lake la harusi za watu. Tukapita Kamukuywa na Misikhu, na tulipofika Lugulu, mahali pa hospitali ya misheni, alisema kwamba pale ndipo mke wake alipojifungulia mtoto wa kwanza na yeye akazimia kabla mtoto hajatoka. Nilifikiri atacheka. Hakucheka.

Nyumbani Bungoma, turubai lilikuwa limeshafungwa. Pikapu ilipoingia uwanjani, watu waliitazama wakitegemea jeneza, na aliyeshuka ni baba mkubwa, kwanza mguu, halafu fimbo, halafu yeye. Ngoma ikanyamaza. Kikundi cha waimbaji kikarudi nyuma kwa pamoja bila mtu kukiongoza. Mwenyekiti, aliyekuwa ameketi mbele na hotuba yake mkononi, aliikunja akaiweka mfukoni, kisha akaitoa tena, kwa kuwa ilikuwa hotuba nzuri. Kina mama wa Naitiri ndio waliopona mapema. Mmoja alimwambia mzee asimame kando, anazuia moshi.

"Haya, sema," senge akamwambia kaka yake. Alikuwa mbele yake, leso kiunoni, macho mekundu. "Watu ni hawa. Si ulitaka kutangaza?"

Akasema. Sijawahi kusikia tangazo fupi hivyo. Aliwaambia kwamba yuko hai, kwamba asante kwa kuku, na kwamba akifa atalala Kitale kando ya mke wake. Sauti ikazuka chini ya turubai, ya kunung'unika, kisha wazee wakaanza kuinua mikono kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na sababu ya Bungoma. Senge aliwaacha wamalize. Alikuwa hawaangalii wao.

"Mimi nimeuliza swali kwa simu," akamwambia mzee. "Hujanijibu."

Baba mkubwa aliegemea fimbo. Hata wale wa sufuria wakasogea kusikiliza.

"Nikishakufa nitakaa na yule," akasema. "Lakini kama unataka, nikiwa hai nitakaa na wewe."

"Kuanzia lini?"

"Koti nimekuja nalo."

Senge alimtazama, akatazama koti, akatazama watu. "Mmesikia wote?" akauliza. Wakasema wamesikia. "Kuna mtu hajasikia?" Hakuna. "Basi Kitale ni Kitale. Mtu asije kuniambia baadaye ati hakujua." Akamwondolea kaka yake fimbo, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Mwenyekiti alisimama akasoma hotuba yake, akibadilisha *alikuwa* kuwa *ni* alipokumbuka. Kisha tukala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva, na hakuna mtu katika ukoo wetu anayejua namna ya kukirudisha chakula cha matanga kwenye hali ya kuku hai.

Keshoye niliingia kwenye seva kufuta tangazo. Nilikuta senge ameshalitoa. Mahali pake aliweka ilani kwa wanachama kwamba mtu yeyote anayetaka kufa awasiliane na katibu kwanza.

Imepita miezi. Sasa ninalinda shamba la Kitale, kazi iliyonikalisha mahali pamoja kuliko nilivyowahi kukaa, na kila asubuhi mzee hunipigia kuuliza nepia imekatwa upande gani. Juzi simu ikaja kutoka namba ya senge. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, nadhani kutoka jikoni, akiniita Papa, yaani baba, kama shangazi wa kwetu wanavyowaita wana wa kaka zao.

"Papa, hebu niambie. Huyu mzee wako anarudi Kitale lini?"

"Kwani kuna nini, Senge?"

"Anaamka na kuku. Anafungua redio mpaka bati zinatetemeka. Uji wangu ati ni mwepesi, mlango wangu ati unalia, ameupaka mafuta ya kupikia. Jana amegombana na jirani yangu kuhusu mpaka ambao hata si wetu. Papa, mimi nilikuwa nataka mtu wa kumsalimia asubuhi, akiwa amenyamaza."

Nikamwambia ahadi aliitoa mbele ya watu wote, na yeye mwenyewe ndiye aliyewauliza kama wamesikia.

"Najua," akasema. Nyuma yake nikasikia redio ikipanda. "Walisikia. Wote wamesikia. Hata mimi namsikia."

Kisha akakata, kwa sababu mzee alikuwa anamwita aje aone kitu.